Nyumba Saba za Maji

Mélanie Entraigues hajawahi kuwa mtu wa kukaa kitako. Hata chai huinywa amesimama, na wateja wake wa mtaa wa Xiaobei wanajua kwamba ukitaka kuzungumza naye sharti umfuate nyuma nyuma huku akihesabu katoni. Ana miaka thelathini na mitatu, na minane ya mwisho ameitumia Guangzhou, akikusanya bidhaa za Wakongo wenzake na kuzipakia kwenye makontena yanayoondokea bandari ya Nansha. Kwa hiyo Jumatatu ile, alipoketi ghafla juu ya robota la vitenge katikati ya ghala, mdogo wake Chadrack aliacha kila kitu akaja kumwuliza kama anaumwa.

Hakuwa anaumwa. Alikuwa ameletewa picha kwenye simu.

Picha ilitoka kwa Loïc, mchumba wake. Harusi ilikuwa imebakiza wiki sita. Wangefungia ndoa Lubumbashi, kwao Loïc, na paroko wa huko alikuwa ametaka vyeti vya ubatizo, vyao na vya baba zao. Loïc ni mfanyabiashara wa sola na betri, anaitwa Loïc Kisimba, na kwa miaka miwili na nusu Mélanie hakumjua kwa jina jingine. Sasa shangazi yake Loïc alikuwa amepekua sanduku la marehemu kaka yake, akakipata cheti, akakipiga picha na kukituma. Chini yake Loïc aliandika kwa utani kwamba kumbe na yeye ana jina la kizungu, tena refu kuliko la Mélanie. Cheti kilisema kwa mwandiko wa wino: Joseph Aiguebelle, mwana wa Étienne Aiguebelle.

Mtu mwingine angecheka. Mélanie hakucheka. Alilisoma jina mara nne, akalikuza kwenye kioo cha simu kana kwamba likikuzwa litageuka kuwa jingine, na halikugeuka.

Lazima nieleze habari ya majina haya, maana bila hiyo utamwona huyu dada ana wazimu.

Zamani za vita vikuu vya pili, Wabelgiji walipokuwa wakitawala Kongo, serikali yao ilikuwa na ada ya kuwanyang'anya wanawake weusi watoto waliozaa na wazungu. Mtoto alibebwa akapelekwa misheni, mama akabaki analia, na baba, aliyekuwa na kazi yake na heshima yake, hakuulizwa neno. Misheni moja upande wa ziwa Tanganyika, safari ya siku mbili kwa miguu kutoka Kalemie, ililetewa watoto saba ndani ya mwaka mmoja. Hawakuwa na majina ya baba, na daftari la ubatizo linataka jina. Mwenye daftari alikuwa Padre Anselme, Mfaransa aliyezuiwa na vita kurudi kwao, na hamu ya kwao ilikuwa imemkausha.

Sasa sikiliza. Kifaransa tunachofundishwa shuleni maji huyaita eau. Lakini zamani, na hasa kusini, waliyaita aigue, neno lililotoka kwenye Kilatini, na ingawa neno lenyewe limekufa midomoni mwa watu, miji haikuliacha. Padre akaipitia ramani ya kichwani mwake akawagawia watoto miji ya maji. Mmoja akawa Entraigues, yaani katikati ya maji. Mmoja akawa Aiguebelle, maji mazuri. Binti wa miaka mitano akawa Aigueperse, maji yaliyotawanyika. Akamwita mwingine Chaudesaigues, maji moto, na wengine watatu akawapa mengine ya namna hiyo hiyo. Kuna mji uitwao Aigues-Mortes, maji yaliyokufa, na tumshukuru kwamba huo aliuacha kwenye ramani.

Watoto wenyewe hawakuyasikia maji hayo. Walisikia aiguille, yaani sindano, na wenzao darasani wakawaita Bena Sindano, watu wa sindano, na hadi leo Kalemie ukisema Bena Sindano watu wanajua unawasema kina nani.

Walipokuwa vijana ndipo swali likawaingia. Baba zetu ni nani? Wazungu waliokuwa wakizunguka vijijini siku zile walihesabika kwa vidole vya mkono mmoja, na mmoja wao, bwana kodi, alijulikana kwa tabia yake kila alikolala. Huenda wawili kati yao walikuwa wa baba mmoja. Huenda wote saba. Padre alikwisha kufa, na waliojua walinyamaza. Basi wakala yamini: wenye majina ya maji ni ndugu, wao na uzao wao, na hawaoani. Ili kiapo kisisahaulike wakaweka desturi ya beseni. Mtoto wa nyumba ya maji akitaka kuoa au kuolewa, beseni la maji hupitishwa nyumba hadi nyumba, na kila nyumba huuliza majina ya mchumba mpaka kwa babu. Wakiridhika, mwenye nyumba hunawa humo mikono. Wasiporidhika, humwaga maji mlangoni, na harusi imekwisha.

Desturi nzuri, ila ilikuwa na tundu. Étienne Aiguebelle alikwenda Lubumbashi kutafuta kazi ya mgodi, akaoa huko, akafa kijana. Mwaka uliofuata ikatoka amri ya serikali kwamba raia waache majina ya kigeni wachukue ya kwao. Nyumba nyingine ziliitika mchana, na jioni zikaendelea kuitana kama zamani. Mjane wa Étienne yeye alikuwa mtu wa kutii. Alichukua jina la baba yake, Kisimba, akawaandikisha watoto, akafungia vyeti vya zamani sandukuni, na ruhusa iliporudi hakuhangaika navyo. Kule Kalemie, kwao Mélanie, nyumba ya Aiguebelle ikahesabiwa imezimika. Nani atalipeleka beseni kwenye nyumba iliyozimika?

Haya ndiyo yaliyompitia Mélanie kichwani juu ya robota la vitenge. Na kibaya zaidi, beseni lake lilikuwa tayari njiani. Shangazi yake, Hadassa, alikuwa amelizungusha Kalemie nzima wiki iliyopita, na kila nyumba iliyobaki imenawa bila kinyongo, maana Kisimba ni jina la mbali. Ilibaki nyumba moja, ya Nkambo Marie-Claire Aigueperse. Nkambo, ndivyo wanavyomwita bibi kwao.

Katika wale saba, Nkambo Marie-Claire ndiye pekee aliye hai. Ana miaka themanini na sita, alikuwa mkunga, hakuolewa, hakuzaa, na kiapo kile amekilinda kama mlinzi wa benki. Miaka ya themanini kijana wa Chaudesaigues alipojaribu kumwoa binti wa nyumba nyingine ya maji kwa siri, Nkambo aliingia kanisani na sare yake ya kazi, akasimama katikati ya maharusi na padre, na harusi ikavunjika pale pale. Watu wanaisimulia mpaka leo, wengine wakicheka, lakini wale wawili hawakucheka. Safari hii alikuwa ametuma neno kwamba atanawa baada ya kuyasikia majina ya mchumba kwa mdomo wa Mélanie mwenyewe, Jumapili, baada ya misa.

Loïc alikuja ofisini mchana ule ule, amefurahi, ana mfuko wa machungwa. Ni mtu mpole, mwenye mwendo wa taratibu unaowachosha wenzake, na ndiye mtu wa pekee mjini anayeweza kumfanya Mélanie akae kitini mpaka chakula kiishe. Mélanie alimpenda kwa hilo na kwa mengine mengi. Loïc alipoelezwa, kwanza alicheka habari ya sindano. Kisha kicheko kikamkauka.

"Nani anajua hii mambo?" akauliza. "Mimi na weye na Chadrack. Picha iko kwa simu yangu, naifuta, voilà. Mimi ni Kisimba. Baba alikuwa Kisimba."

"Kwa simu utaifuta," Mélanie akasema. "Kwa damu utaifuta na nini?"

Loïc akatoa chungwa mfukoni akaanza kulimenya. Na mimi sisemi kwamba Mélanie alikuwa mtakatifu. Shauri la kunyamaza lilimvutia, lilimvutia sana, na kwa muda wa kumenya chungwa moja alikuwa amelikubali. Kilichomrudisha ni uso wa babu yake. Babu Entraigues alimlea tangu akiwa wa miaka sita, na akamfundisha kiapo kile kabla hajamfundisha kusoma. Aliona wazi kwamba akizaa na Loïc, kila mtoto atakayemwangalia atamtafuta babu usoni mwake, na kila atakapomwona ataogopa.

Mtu wa nne kujua alikuwa Fathiya, kwa sababu ofisi ni moja na ukuta kati yao ni kabati. Fathiya ni Mzanzibari, alikuja kusoma Wuhan, akashuka Guangzhou na Kichina cha kuwagombeza wenye viwanda, na sasa anasafirisha vyombo vya jikoni kwenda Unguja na Dar. Alisikiliza kisa chote ameshika kiuno. Mwisho akasema kwao mtoto wa ami ndiye wa kwanza kuulizwa, na hawa wanakufa kwa ajili ya babu ambaye hata haijulikani kama ni mmoja.

"Kwenu kwenu, kwetu kwetu," Mélanie akamwambia.

"Haya, bibi we. Lakini kama mnaogopa damu, si mkaipime hiyo damu? Mtaa wa Tianhe pale kuna maabara, wanapima kwa mate. Baba wa baba wa baba, mstari wa kiume. Mchukue nduguyo na huyu mchumba wako, mimi nitawasemea."

Walikwenda Jumanne. Chadrack alilalamika njia nzima kwamba yeye hakumchumbia mtu, kwa nini mate yake yaingie, na alipokatazwa kunywa soda kabla ya kipimo alinuna mpaka mapokezi. Fathiya alizungumza na daktari kijana mwenye miwani, akageuka akawaeleza polepole: babu zao wawili kama walikuwa wa baba mmoja, basi Loïc na Chadrack, kwa kuwa wote wamepita kwa baba na babu, lazima wabebe alama ile ile. Ikiwa moja, ni ndugu. Ikiwa mbili, kwa upande wa baba si ndugu. Majibu Jumamosi.

Siku nne. Kwa mtu mwenye subira si kitu. Mélanie alizipitisha kama mtu aliyekalia siafu. Alipanga upya kabati la karatasi, akalipangua. Aliosha madirisha ya ofisi kwa ndani, akamgombeza Chadrack kwa kutoyaosha kwa nje, ghorofa ya saba. Jumatano alikwenda Nansha kusimamia upakiaji, akapakia mizigo ya Goma kwenye kontena la Lubumbashi, kosa ambalo hakulifanya hata mwaka wa kwanza, na wapakiaji wakaanza upya kutoa kila kitu huku wakisema laoban, yaani bosi, leo ana nini. Usingizi ulikuwa unakuja na kuondoka.

Loïc naye utulivu wake ulikuwa umepata nyufa. Alhamisi walikutana kwenye mgahawa wa Mkamerun karibu na ofisi, na kabla sahani hazijafika akauliza lile ambalo wote walikuwa wanalizunguka. Kama ni ndugu, je?

"Nitakuita kaka," Mélanie akasema.

Alilisema haraka. Loïc alisukuma glasi yake kando. Akasema amefanya kazi miaka kumi ili awe na nyumba ya kumwingiza mke, na hatakubali mzee aliyekufa, padre aliyekufa na mzungu asiyejulikana waamue nani alale ndani yake. Akasimama akaenda zake. Siku ile hakupiga simu, wala Ijumaa. Mélanie alimkasirikia, kisha akamwonea huruma, kisha akamkasirikia tena, na katika yote hayo alikuwa akitazama simu kila dakika.

Ijumaa mchana alifungua ramani ya Ufaransa kwenye kompyuta. Hakuwahi kufanya hivyo maisha yake yote, ingawa jina analibeba. Akaandika Aiguebelle, ikatokea milimani, karibu na Italia. Akaandika Aigueperse, ikatokea mbali kabisa, katikati ya nchi. Entraigues hazikuwa moja. Zilikuwa kadhaa, kila penye mito miwili ikutanapo watu waliita hivyo, bila kuulizana. Akaona na mingine mingi ambayo padre hakuigusa, imetapakaa, na mtu wa mji mmoja pengine hajawahi kuusikia wa pili. Miji hiyo haikuwa na undugu wowote ila maji. Mélanie akafikiri, sisi tulijengea nyumba saba juu ya hamu ya mtu mmoja. Akaona aibu kwa kufikiri hivyo, akaifunga kompyuta akaenda kuhesabu katoni zilizokwisha kuhesabiwa.

Jumamosi saa nne asubuhi majibu yaliingia kwenye simu ya Fathiya, kurasa tatu za Kichina na jedwali. Fathiya alisoma midomo ikitikisika. Mélanie alisimama mbele yake, ameshika kingo za meza, na kwa mara ya kwanza wiki ile hakuchezesha hata kidole.

"Mbili," Fathiya akasema. "Alama ni mbili, shoga yangu. Kwa baba si ndugu. Daktari amekwisha sema, na muhuri huu hapa."

Mélanie alimkumbatia mpaka Fathiya akaomba pumzi. Akampigia Loïc, na Loïc, mwenye mwendo wa taratibu, alifika kwa dakika kumi na moja amevaa kandambili. Hawakusema mengi. Alimwomba radhi kwa ya Alhamisi, naye akamwomba radhi kwa neno kaka, na Chadrack akasema kwa kuwa mate yake yamefanya kazi hiyo yote, anastahili suti ya harusi. Mélanie alifurahi kwa furaha iliyomuuma kifuani. Lakini kuna kiapo na kuna kipimo. Kipimo kilikuwa kimesema. Nkambo bado.

Jumapili saa tisa alasiri Guangzhou, kule Kalemie ni saa tatu asubuhi, misa ya kwanza imekwisha. Desturi inataka mchumba asiwepo beseni linapozungumza, kwa hiyo Loïc alitolewa nje kwenye korido, na Chadrack akakaa naye. Mélanie alifunga mlango, akaisimamisha simu juu ya meza, akapiga.

Alipokea Shangazi Hadassa, akaigeuza simu. Nkambo alikuwa ameketi barazani kwake, amevaa kitenge cha kanisani, mgongo umenyooka. Mbele yake juu ya kigoda palikuwa na beseni jeupe la bati. Alimjibu salamu, akamwuliza habari za kazi, za baridi, za kanisa la huko. Kisha akasema, "Haya mama, nipe majina."

Mélanie alikuwa amepanga maneno ya kuanzia mbali. Yote yalimtoroka.

"Anaitwa Loïc," akasema. "Mwana wa Joseph. Mwana wa Étienne Aiguebelle."

Shangazi Hadassa alitoa sauti, na picha ikacheza. Nkambo hakutikisika. Ni macho tu yaliyokuja karibu na kioo.

"Étienne," akasema. "Yule aliyekuwa anaogopa radi. Kumbe alizaa."

Hapo Mélanie akaanza kusema mbio mbio, kama anavyosema na watu wa forodha. Akaeleza cheti, mjane, amri ya majina, jina la Kisimba. Akasema angeweza kuficha na hakuficha. Akaeleza kipimo, mate, mstari wa kiume, alama mbili. Nkambo alimkatiza mara tatu, na maswali yake yalikuwa ya mtu wa hospitali: nani alichukua mate, nani aliyaandika majina kwenye chupa, je, wanaweza kukosea. Mélanie alijibu yote. Alipomaliza akabaki amesimama mbele ya simu.

"Ilichukua siku ngapi?" Nkambo akauliza.

"Nne, Nkambo."

"Siku nne."

Nyuma yake jogoo alipita barazani hana haraka. Kisha Nkambo akavua saa yake ya mkononi, akampa Hadassa, akaingiza mikono ndani ya beseni akanawa. Alinawa vizuri, kati ya vidole na nyuma ya mkono, kama wakunga wanavyonawa. Hadassa akapiga vigelegele mpaka simu ikakoroma. Mélanie alitaka kukimbia kufungua mlango. Nkambo akamzuia kwa kuinua kidole kimoja.

Akamtuma Hadassa akamwage maji kwenye maua nyuma ya nyumba, na asirudi mpaka aitwe. Simu akaishika mwenyewe. Aliishika vibaya, ikaonyesha nusu ya uso na sehemu ya paa.

"Mwaka wa sitini na moja babu yako aliniuliza," akasema. "Nikamwambia, François, tumekula kiapo. Akasema kiapo tulikila wenyewe, tunaweza kukitapika. Nikakataa. Krismasi akaniuliza tena, nikamjibu vile vile. Mwaka uliofuata hakuuliza. Alinipelekea beseni, la kumwoa nyanya yako. Nikanawa."

Miaka yote aliyokaa na babu yake, Mélanie hakuwahi kumsikia akilitaja jina la Marie-Claire ila katika orodha ya wale saba, na hata hapo alilipitia haraka kama wengine. Alikumbuka kanisa, maharusi waliovunjiwa ndoa yao, sare nyeupe katikati. Wote walidhani ni ukali.

"Kile kipimo chenu," Nkambo akasema. "Kinaweza kumpima mtu aliyekufa?"

Mélanie angeweza kusema hapana, na pengine ingekuwa wema. Lakini alikuwa amepitisha wiki nzima akitaka ukweli kwa watu wengine, hakuona atakavyomnyima huyu.

"Si lazima awe hai," akasema. "Tupo mimi na Chadrack, tuna damu yake. Nkambo akitoa mate, Shangazi Hadassa anaweza kumpa mtu anayesafiri. Watayalinganisha mate yako na yetu. Si mstari ule wa wanaume, ni kipimo kingine, lakini nadhani kipo. Nitamwuliza Fathiya leo hii."

Nkambo alifuta kioo cha simu kwa pindo la kitenge chake.

"Usiulize," akasema mwisho. "Kikisema alikuwa ndugu yangu, sawa, nilitenda vema, na hilo naliamini tayari. Kikisema hakuwa ndugu yangu, mama, mimi nina miaka themanini na sita. Nitakwenda nalo wapi?"

Kisha akasema amechoka kushika simu, akamwita Hadassa, na kabla Hadassa hajafika akawa ameikata kwa kidole, bila kukusudia au kwa kukusudia.

Mélanie alibaki anakitazama kioo kilichozimika. Nje kwenye korido walikuwa wamesikia vigelegele, na Chadrack alikuwa anapiga mlango kwa furaha. Alipoufungua Loïc alimwona machozi, akacheka, akamshika mabega yote mawili, akamwambia basi, si amekwisha nawa, analia nini tena. Mélanie akaweka paji la uso kwenye shati lake. Hakuwa na moyo wa kueleza wakati ule, angemweleza baadaye, wakiwa peke yao.

"Tusingoje wiki tano," akamwambia. "Tutafute ndege ya wiki hii, tukaoane."